Mboga za majani: uchemshe, upike kwa mvuke, ukaange au upike taratibu?

Gramu 500 za spinachi mbichi hujaza karai mpaka zikamwagika pembeni. Dakika 3 motoni, kinachobaki ni kikombe kimoja na nusu hivi, kimelala ndani ya maji yake. Kabichi ya uzito huohuo, iliyokatwa nyembamba na kukaa motoni muda uleule, haijanywea hata nusu na bado inatafunika vizuri. Ukizipika hizi mbili kwa njia moja, mojawapo itakuharibikia.

Njia zinazolinganishwa hapa ni nne: kuchemsha kwenye maji mengi, kupika kwa mvuke, kukaanga haraka kwenye moto mkali, na kupika taratibu kwa maji kidogo sufuria ikiwa imefunikwa. Oveni na maikrowevu tutazigusa tu. Vipimo vyote ni vya gramu 500 za mboga zilizokwisha kuchambuliwa. Kiasi hicho kinasindikiza chakula cha watu 2 au 3 kama ni spinachi, na watu 4 kama ni kabichi, brokoli au maharage machanga ya maganda.

Mwenye haraka achukue hili: majani laini yakaange. Majani magumu kidogo lakini bado machanga, yachemshe kisha uyaunge. Majani makomavu yenye mishipa minene yapike taratibu. Brokoli ipike kwa mvuke, na maharage machanga yachemshe. Sababu ndizo ndefu, na ndizo zitakazokusaidia siku utakayokutana na mboga usiyoizoea.

Anza na jani, si jiko

Kabla hujabandika sufuria, vunja kikonyo kimoja. Kikikatika kwa mlio na kuacha unyevu kidoleni, jani ni changa na litaiva kwa dakika 1 hadi 3. Kikijikunja na kuacha nyuzi zinaning'inia, jani limekomaa. Hapo toa mshipa wote wa katikati, au ukate vipande vya nusu sentimita uutangulize motoni dakika 3 hadi 4 kabla ya majani. Kosa linalorudiwa kuliko yote katika mboga hizi ni kupika kikonyo na jani kwa muda mmoja: unasubiri kikonyo kilainike, na kinapolainika jani limeshapitiliza.

Watu wengi hudhani spinachi hunywea sana kwa sababu ina maji mengi kuliko kabichi. Sivyo. Spinachi ina maji takriban asilimia 91, kabichi takriban asilimia 92. Kinachozitofautisha ni kuta za seli. Za spinachi ni nyembamba, joto likizigusa zinalegea na maji yote yanatoka kwa mkupuo. Za kabichi zinashikilia. Kwa hiyo swali la kujiuliza kwa kila mboga mpya ni hili: maji yake yatatoka kwa kasi gani, na njia hii ya kupika itayapeleka wapi? Kuchemsha huyamwaga kwenye maji mengine. Kukaanga huyageuza mvuke. Kupika taratibu huyafanya mchuzi. Mvuke huyaacha yadondoke chini.

Kuosha nako kunahusika na uchaguzi. Jaza beseni maji, tumbukiza majani mazima, yachezeshe, kisha yaache dakika 1 au 2 mchanga utulie chini. Yatoe kwa mikono, usiyamimine pamoja na maji kwenye chujio, maana utakuwa unaurudishia mchanga uleule juu ya majani. Rudia mpaka upapase chini ya beseni usihisi punje. Mara nyingi ni mara 2 au 3. Kata baada ya kuosha, si kabla, kwa kuwa kila mkato ni mlango wa vitamini kutokea majini. Matone yanayobaki kwenye majani hayana neno kwa njia tatu. Kwa kukaanga, yana neno kubwa.

Kuchemsha: njia iliyosingiziwa

Mboga ya kuchemsha iliyofubaa na kunuka haikuharibiwa na maji. Iliharibiwa na maji machache na dakika nyingi.

Pima maji lita 3 hadi 4, chumvi gramu 10 kwa kila lita, yaani karibu vijiko 2 vya chai visivyojaa. Subiri yachemke kwa nguvu kabla ya kutia kitu. Yakiwa machache, mboga baridi huyapoza na itachukua dakika 2 au 3 kabla hayajachemka tena, na muda wote huo mboga inaloweka katika uvuguvugu. Maji mengi hurudia kuchemka upesi, saa inaanza kuhesabu palepale.

Usifunike. Kijani cha mboga ni klorofili, na katikati ya kila molekuli yake kuna magnesiamu. Joto likipasua seli, asidi za mboga yenyewe hutoka na kuing'oa magnesiamu hiyo, na rangi inayobaki ni ya kijani kibichi kilichochujuka kuelekea kahawia. Sehemu ya asidi hizo hupaa pamoja na mvuke. Ukifunika, zinagonga mfuniko na kudondokea tena kwenye mboga. Maji mengi nayo huzipunguza makali.

Utaona pia kwamba katika sekunde 30 za mwanzo mboga inakuwa ya kijani zaidi kuliko ilivyokuwa mbichi. Ni hewa iliyokuwa kati ya seli inatoka, rangi inaonekana bila pazia. Kuanzia dakika ya 5 hadi ya 7 rangi inaanza kwenda. Basi mboga isiyoweza kuiva ndani ya dakika 7 ichemshe ukijua rangi utaipoteza, au ipeleke kwenye njia nyingine.

Kwenye miinuko maji huchemka chini ya nyuzi 100, pungufu ya nyuzi 1 hivi kwa kila mita 300 za kupanda. Katika mita 1,500 yanachemka kwenye nyuzi 95. Spinachi haitajali, lakini maharage machanga yataomba dakika 1 au 2 za ziada, na mvuke wa hapo nao una joto hilohilo pungufu.

Mboga ikishaiva, itoe na uitumbukize kwenye maji baridi kabisa, yenye barafu ikiwezekana. Huna barafu, badilisha maji ya bomba mara 2, au itandaze kwenye sinia pana ipoe kwa upepo. Usiiache majini ikalala: dakika 1 inatosha, zaidi ya hapo inanywa maji na ladha inapooza. Ukiruka hatua ya kupoza, joto lililomo ndani ya rundo litaendelea kuipika nje ya moto, na spinachi uliyoiepua ikiwa nzuri utaikuta imegeuka rojorojo.

Kisha kukamua, na hapa wengi huona huruma. Kusanya spinachi kiganjani, finya kwa nguvu, geuza, finya tena mpaka maji yawe ya kudondoka tone moja moja. Gramu 500 zitakuachia donge la ukubwa wa ngumi. Donge hilo halitiwi kikaangoni likiwa zima, kwa kuwa nje litakaangika na katikati litabaki baridi lisilo na chumvi. Likate mara 3 au 4 ubaoni na ulichambue kwa vidole. Mboga ngumu kama sukuma wiki hutosha kukamuliwa kidogo tu, na brokoli haikamuliwi kabisa. Iache kwenye chujio dakika 5.

Kuunga ni dakika 2: mafuta kijiko kimoja na nusu cha chakula, punje 3 za kitunguu saumu zilizokatwa nyembamba, sekunde 30 kwenye moto wa wastani, tia mboga, geuza mpaka ipate moto. Onja kabla ya kutia chumvi, kwa maana ilishapata chumvi majini.

Kuna jambo moja ambalo kuchemsha hulifanya na njia nyingine haziliwezi. Ule ukakasi unaobaki kwenye meno baada ya kula spinachi unatokana na oksalati, kemikali ya asili iliyomo kwenye jani, na sehemu yake kubwa huyeyuka majini. Ukimwaga maji, umeimwaga nayo. Aliyeshauriwa na daktari apunguze oksalati kwa sababu ya mawe ya figo, njia yake ni hii, mvuke haumsaidii sana. Gharama yake ni kwamba vitamini C na folati (mojawapo ya vitamini B) nazo huyeyuka majini na kumwagwa.

Mvuke

Maji sentimita 2 hadi 3 chini ya sufuria, chujio juu lisiloguswa na maji, mfuniko unaobana. Kiasi hicho cha maji kinatosha dakika 10 na zaidi. Ukitia machache, sufuria itakauka na kuungua kimyakimya, kwa sababu mlio wa kutokota huisha taratibu na hakuna anayeugundua.

Kwa majani laini, mvuke unasifiwa kupita stahili yake. Majani yakilegea hushikamana, tabaka la chini linapikwa moja kwa moja na la katikati halifikiwi. Rundo lisizidi kimo cha sentimita 5 na ulipindue mara moja. Gramu 500 za spinachi haziwezi kukaa humo kwa mkupuo mmoja, na ukizigawa mafungu mawili umepoteza wepesi uliokuwa unautafuta. Tena hazikupata chumvi wala ladha yoyote zikiwa ndani. Zikitoka, zinadai kutiwa kila kitu mezani.

Kwa brokoli mambo yanageuka. Ikichemshwa, maua yake hunyonya maji kama sponji, na hakuna kukamua kutakakoyatoa bila kuyaponda. Kwenye mvuke, dakika 4 hadi 6, maua yanatoka makavu na kikonyo kimeiva. Menya kikonyo kwanza, maana ganda lake la nje halilainiki, na uchane mkato wa msalaba chini ya vipande vinene ili kiende sambamba na maua. Kisha changanya mafuta kijiko 1 cha chakula na chumvi nusu kijiko cha chai, umimine juu ikiwa bado ya moto. Ikishapoa, chumvi haishiki.

Kumbuka lile suala la asidi: hapa mfuniko lazima ufungwe, kwa hiyo rangi ya chochote kinachozidi dakika 7 itafubaa hata zaidi kuliko kwenye maji mengi. Kufunua sekunde chache katika dakika ya 2 husaidia kidogo.

Kukaanga haraka

Hii ndiyo njia yenye ladha nyingi kuliko zote nne, na ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu mbili: majani mabichi yenye maji na kikaango kilichojaa.

Chagua kikaango cha upana wa sentimita 28 hadi 30, au karai lenye chini pana. Kausha majani: yatingishe ndani ya chujio, kisha yakunje katika kitambaa safi na kukibana kidogo kidogo. Jani lenye matone likikutana na mafuta ya moto hurusha mafuta mpaka mkononi, na maji yake hupoza kikaango kabla kazi haijaanza.

Mafuta vijiko 2 vya chakula. Yako tayari yakipungua uzito, yakitambaa upesi ukiinamisha kikaango, kabla hayajaanza kutoa moshi. Kitunguu saumu kinataka sekunde 15 hadi 30 tu. Ukingo ukianza kuwa wa dhahabu, tia mboga mara moja. Kikifika kahawia kimekuwa kichungu na hakuna kitakachokiokoa, si sukari wala ndimu. Mwaga mafuta uanze upya, ni hasara ndogo kuliko sahani nzima. Asiyeamini kasi yake akitie kwenye mafuta yakiwa bado baridi, apashe vyote pamoja kwa moto wa wastani, akitoe kikipata rangi, akirudishe mwishoni.

Baada ya hapo, sikiliza. Kikaango chenye joto la kutosha kinalia mfululizo. Mlio ukififia na maji yakaanza kukusanyika pembeni, hukaangi tena, unachemsha kwenye maji machache, njia mbaya kuliko zote. Toa nusu ya mboga uiweke sahanini, pandisha moto, sogeza iliyobaki pembezoni na uyaache maji yakauke katikati ndipo urudishe. Kuongeza muda bila kutoa maji hakutengenezi kitu.

Spinachi tia kwa mafungu 3, kila fungu likilegea ndipo lifuate jingine. Kazi yote ni dakika 2 hadi 3, na epua likiwa bado na majani machache yaliyosimama, yatalala yenyewe njiani kuelekea sahanini. Sukuma changa viringisha majani kadhaa pamoja, kata nyuzi za milimita 3 hadi 5, kaanga dakika 4 hadi 5, na katikati tia vijiko 3 vya maji kama zinaanza kukauka kabla ya kuiva. Kabichi itandaze na uiache dakika nzima bila kuigusa. Ule ukingo unaogeuka kahawia ndio utamu wake, na mwiko unaozunguka bila kupumzika unaunyima nafasi.

Brokoli na maharage machanga hayaivi kwa kukaanga peke yake, kwani nje huungua ndani ikiwa mbichi. Kaanga dakika 3 mpaka yapate madoa, mwagia maji mililita 60, funika dakika 3 hadi 4, funua na uache maji yakauke yote.

Chumvi, mwishoni. Kwanza kwa sababu huvuta maji nje ya majani, na hapa unapigana na maji. Pili, macho hudanganywa na wingi wa mboga mbichi: mkono unaotia chumvi juu ya karai lililojaa hutia ya karai zima, na kinachobaki ni kikombe kimoja na nusu. Nusu kijiko cha chai inatosha gramu 500 za spinachi.

Na jiko lako je? Kama moto wake ni hafifu, ukweli ni kwamba njia hii haikufai kwa gramu 500 kwa mara moja. Gawa mara mbili, au chemsha kisha unga. Mboga iliyokwisha kuchemshwa na kukamuliwa haina tena maji ya kukupozea kikaango, na hapo hata moto mdogo unatosha.

Kupika taratibu kwa maji kidogo

Njia ya majani makomavu: sukuma nene, majani ya nje ya kabichi, mchicha uliokaribia kutoa mbegu. Lengo si rangi, ni ulaini na mchuzi. Atakayetaka kijani cha kung'aa asije huku.

Kaanga kitunguu maji 1 cha wastani katika mafuta vijiko 2 vya chakula, moto wa wastani, dakika 5 mpaka kilegee. Tia vikonyo vilivyokatwa, dakika 3. Tia majani na chumvi nusu kijiko cha chai. Hapa chumvi inatangulia, kwani maji ya mboga unayataka yatoke. Ongeza maji mililita 120 hadi 150, funika, punguza moto, pika dakika 12 hadi 20 ukigeuza kila baada ya dakika 5. Dakika 3 za mwisho funua, pandisha moto, mpaka mchuzi ubaki wa kulowesha chini tu ya sufuria. Ukiepua ukiwa mwingi, mboga itaogelea sahanini na kulowesha kila kilicho jirani.

Nyanya na ndimu ndizo zinazoharibu njia hii bila mtu kuzishuku. Pektini, ambayo ndiyo gundi ya kuta za seli, haiachii kirahisi katika asidi. Ukitia nyanya mwanzoni pamoja na majani makomavu, unaweza kupika nusu saa na bado yakawa na ugumu wa kutafuna ngozi. Lainisha kwanza, nyanya baadaye. Au zipike nyanya pembeni mpaka zikauke maji, uziunganishe dakika 3 kabla ya kuepua.

Harufu nayo. Kabichi, sukuma na brokoli ni ukoo mmoja wenye kemikali za salfa, na kadiri zinavyozidi dakika 7 motoni ndivyo zinavyotoa ile harufu inayokaribiana na yai viza. Kabichi ya kawaida isizidi dakika 8 hadi 10 hata kwa njia hii. Sukuma komavu haina budi kupita hapo, basi ifunue mara 2 au 3 harufu itoke badala ya kurudi sufuriani.

Kuhusu magadi: ni kweli huhifadhi kijani na kulainisha haraka, kwa sababu huua asidi. Ni kweli pia kwamba huyeyusha kuta za seli mpaka majani yakawa utelezi, huacha ladha ya sabuni yakizidi kidogo, na huharibu vitamini C na B1. Kwa jani linaloiva kwa dakika 3, hayana kazi. Kwa jani gumu, dakika 8 za ziada ni bora kuliko magadi.

Muda kwa kila mboga

Dakika zinahesabiwa tangu mboga inapoingia kwenye joto kamili.

| Mboga | Kuchemsha | Mvuke | Kukaanga | Taratibu |
|---|---|---|---|---|
| Spinachi | sekunde 30–60 | 2–3 | 2–3 | haifai |
| Mchicha mchanga | 1–2 | 3–4 | 3–5 | haina haja |
| Sukuma changa, nyuzi nyembamba | 2–3 | 5–7 | 4–5 | 12–15 |
| Sukuma komavu | 5–7 | haifai | chemsha kwanza | 15–20 |
| Kabichi, nyembamba | 2–3 | 5–6 | 4–6 | 8–10 |
| Brokoli, vipande vya sm 3–4 | 2–3 | 4–6 | 3, kisha 3 na maji | haifai |
| Maharage machanga | 4–5 | 6–8 | 3, kisha 4 na maji | 20 |

Jedwali ni la kukuanzishia tu. Dakika moja kabla ya muda kutimia toa kipande kinene kuliko vyote, kikonyo hasa, ukiume. Ukisikia ladha ya ubichi wa nyasi, bado. Kikitafunika bila kupiga mlio wa karoti, epua.

Vitamini: tofauti ipo, ila si ya kukesha nayo

Vitamini C hupotea zaidi kwa kuchemsha, kidogo kwa mvuke na kukaanga. Katika kupika taratibu joto la muda mrefu huila sehemu yake, lakini folati na madini vilivyotoka hubaki mchuzini, na mchuzi huo ni wa kuliwa, si wa kumwaga. Upande wa pili, beta-karotini (ambayo mwili huigeuza vitamini A) na vitamini K huhitaji mafuta ili mwili uzichukue. Sahani ya mvuke isiyo na tone la mafuta, ambayo wengi huiona ndiyo bora kuliko zote kiafya, inapoteza upande huu. Kijiko 1 cha chai cha mafuta hurekebisha.

Ndimu husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye majani, lakini asidi yake huanza kufubaza kijani ndani ya dakika chache. Ikamulie mezani.

Oveni na maikrowevu

Maikrowevu ni mvuke kwa jina jingine, na kwa spinachi ni nzuri kuliko chujio: bakuli kubwa la kioo, maji yaliyobaki kwenye majani yanatosha, funika, dakika 3 hadi 4 kwa gramu 500 ukigeuza katikati, kisha chuja. Oveni ni ya brokoli na maharage machanga: nyuzi 220, mafuta vijiko 2, tabaka moja lisilobanana, dakika 15 hadi 20. Majani laini humo hukauka na kuvunjika kama karatasi.

Ipi inaweza kusubiri

Jambo hili mara nyingi ndilo linaloamua, kuliko ladha na vitamini. Kukaanga hakusubiri: mboga iingie kikaangoni wakati chakula kingine kimeshaiva na watu wanakaribia kukaa. Mvuke nao hausubiri, kwani brokoli iliyoachwa ndani ya chujio lililofunikwa, hata moto ukiwa umezimwa, inaendelea kuiva na kufubaa ndani ya dakika chache.

Iliyopikwa taratibu inaweza kukaa nusu saa jikoni bila kupungua ubora, na ndiyo inayopashwa vizuri zaidi kesho yake. Iliyochemshwa, ikapozwa na kukamuliwa, inakaa kwenye friji siku 2 hadi 3 ndani ya chombo chenye mfuniko, ikisubiri dakika 2 za kuungwa. Kwa mwenye wageni na jiko la mafiga machache, hiyo ndiyo njia: kazi yote ya maji na kuosha inaisha asubuhi.

Mabaki ya mboga iliyopikwa yaingie friji ndani ya saa 2. Yapashe kikaangoni na kijiko 1 au 2 vya maji mpaka yafuke moshi kote, mara moja tu. Mboga ya kukaanga ikirudi motoni itatoa maji yaliyobaki na kulegea, basi usijaribu kuirudisha ilivyokuwa. Ikate ndogo, uichanganye na mayai mawili.